Picha Kumi na Moja

Shemeji yangu ni fundi vioo, na mimi ni fundi vioo. Kwa miaka kumi na minne tumekaa kwenye meza mbili zinazotazamana. Meza zimetandikwa mablanketi ya zamani ili kioo kisikwaruzwe, na katikati yetu kuna ndoo ya vipande ambayo hakuna anayethubutu kuingiza mkono. Kazi yetu haitaki maneno mengi. Unapima, unachovya ncha ya kikatio kwenye mafuta ya taa, unalaza rula, unavuta mara moja. Ukisikia sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole, umepatia. Ukirudia mstari ule ule, kioo kitapasukia kinakotaka chenyewe. Ndiyo maana bosi wetu hataki redio karakana. Anasema kioo hukatwa kwa sikio.

Nimwite Kivuli, maana ndilo jina alilopewa tukiwa shule ya msingi. Alikaa dawati la mwisho karibu na mlango. Mwalimu akimuuliza swali, alijibu chini chini hadi mimi niliyekaa mbele yake nikaagizwa kurudia jibu kwa sauti. Mimi mwenyewe si mzungumzaji, lakini nikisimama karibu na Kivuli nilionekana dalali.

Alipokuja kumposa mdogo wangu, mjomba wake ndiye aliyesema yote. Yeye alitamka "ndiyo" mbili na "asante" moja. Baadaye nilimuuliza mdogo wangu kama ana hakika.

"Kaka, nimechoka na wanaume wenye maneno," akaniambia. "Huyu hata akitaka kunidanganya, itamchukua mwezi mzima kumaliza sentensi."

Tulicheka sana siku ile.

Watu hudhani mtu mwenye haya hawapendi wenzake. Si kweli, na hili nalijua bila kufundishwa na mtu. Anawapenda mno. Anakaa pembeni akisikiliza wanavyotaniana, ana neno lake zuri mdomoni, na kila akitaka kulitoa, mazungumzo yameshahama. Anarudi nyumbani nalo. Kivuli alikuwa na maneno ya miaka arobaini ambayo hajayasema.

Miaka mitatu iliyopita, dada mmoja tuliyesoma naye alitukusanya kwenye kundi la simu. Sisi humwita Kiranja hadi leo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wapiga kelele mwalimu akitoka. Miaka yote ile, jina la Kivuli halikuandikwa hata mara moja. Tulikuwa watu themanini na sita. Mimi niliingizwa, nikakaa kimya, nikawa nasoma tu.

Kivuli naye alisoma tu kwa wiki kadhaa. Kisha siku moja akaandika kisa cha mwalimu wa hesabu aliyechanika suruali akituonyesha pembe tatu, jinsi alivyomaliza kipindi kizima kaegemea ubao, akiandika kwa mkono ulio nyuma ya mgongo. Kundi lilianguka kwa vicheko.

"Huyu ni Kivuli yupi?" akauliza mmoja.

"Kumbe mwenzetu ulimeza redio!"

"Kiranja, andika jina la Kivuli, anapiga kelele!"

Tulikuwa karakana. Niliinua macho nikamwona anasoma, midomo inacheza, masikio yamemwiva. Hakuna aliyewahi kumwambia vile maishani mwake. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kusalimia asubuhi na wa mwisho kuaga. Simu ilihamia mezani, chini ya pindo la blanketi, na kila ilipotetema, kikatio kilisimama. Alivunja kioo kirefu cha saluni, akavunja cha pili. Bosi akamwambia, "Wewe Kivuli, watu hujitazama kwenye kioo na kupigiana simu. Wewe unajitazama kwenye simu na kupiga kioo chini!"

Nyumbani nako hakukuwa tofauti. Mdogo wangu alizoea kuniambia, "Mume wangu ana wake wenza themanini na watano kule ndani, na wote anawachekesha. Mimi nikimuuliza chumvi imekolea, anatikisa kichwa." Mwanzoni alisema akicheka. Baadaye akawa anasema tu.

Kuna Jumapili moja Kivuli mwenyewe aliniletea simu. Akasema, "Shemeji, niwekee hadi kesho." Nilifurahi, nikaifungia kabatini. Haikufika saa sita mchana nikamwona kasimama mlangoni pangu, shati limelowa jasho, na siku yenyewe haikuwa ya joto. Alisema, "Tafadhali." Nikampa.

Mdogo wangu alipata mimba katika mwaka wa tisa wa ndoa. Miaka yote tisa watu walikuwa wakimwita "shangazi," "dada," "wewe," kwa sababu hapakuwa na jina la mtoto la kumwitia. Mtoto alizaliwa Jumatatu asubuhi, mimba ikiwa ya miezi saba. Wa kiume. Walimweka kwenye kisanduku cha joto, chumba cha peke yake chenye dirisha. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, hawezi kuinuka.

Mimi na Kivuli tulisimama kwenye dirisha lile. Mtoto alikuwa mdogo kama kiganja na nusu, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi. Muuguzi alipogeuka, Kivuli alipiga picha. Sekunde chache baadaye simu yangu ilitetema mfukoni. Nilikuwa naye bega kwa bega, lakini habari aliwapa wao kwanza: "Jamani, nimekuwa baba."

Zilikuja pongezi mfululizo, mioyo, maua, vigelegele vya maandishi. Kiranja akaandika kwa herufi kubwa: "KUANZIA LEO MARUFUKU KUMWITA KIVULI. HUYU NI BABA MTOTO." Wote wakaitikia, Baba Mtoto, Baba Mtoto. Alinisomea moja moja pale koridoni. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

Kwa siku mbili alipiga picha kila aliporuhusiwa kuingia. Jumanne walimsukuma mdogo wangu kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye kisanduku, akapitisha mkono kwenye tundu, mtoto akamshika kidole. Hiyo ndiyo mara pekee aliyomgusa akiwa hai. Jioni Kivuli alinionyesha picha zake zote. Zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu alinionyesha kila moja akitaja namba.

Jumatano saa nne asubuhi mtoto akafa.

Tulimzika siku ile ile alasiri. Tulikuwa wanaume watano: yeye, mimi, bosi, mjomba wake na jirani mmoja. Mdogo wangu alikuwa bado kitandani hospitalini. Baada ya mazishi tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, mimi na yeye, viatu vimejaa udongo, tukingoja tuitwe. Simu ikatetema mfukoni mwake, na yangu ikatetema. Nilitoa yangu. Kiranja alikuwa ameuliza, "Baba Mtoto, umetupotea! Kijana anaendeleaje?"

Nikamwona shemeji anaandika. Simu yangu ikatetema tena: "Anaendelea vizuri. Ananyonya kama ana deni."

"Shemeji," nikasema. "Umeandika nini?"

Hakunitazama. "Nitawaambia kesho. Leo siwezi. Wamefurahi mno."

Nilielewa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kwamba nilielewa. Mtu ametoka kuzika, anaomba siku moja. Mimi nani nimnyime?

Kesho yake alituma picha ya pili.

Sikuamini. Ilikuwa ile ya mguu uliotoka nje ya blanketi. Chini yake aliandika, "Huyu atacheza mpira." Siku mbili zikapita, ikaja ya tatu, kofia na nusu ya shavu: "Leo kapiga chafya, nyumba nzima tumeruka." Watu walicheka, wakabariki, wakampa ushauri wa kumkanda na wa kumlaza. Kila picha ilipotoka, mimi nilihesabu zilizobaki. Saba. Sita. Wao walidhani wanamwona mtoto akikua, na mimi nilijua kwamba wanaangalia zile siku mbili tu, zikikatwa vipande na kugawiwa.

Mdogo wangu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Nilikwenda kila siku baada ya kazi. Alikaa kitandani kageukia ukutani, kifua amekifunga kitambaa kwa nguvu kwa sababu maziwa yalikuwa yanakuja na hayana wa kuyanyonya. Kitambaa kililowa, akafunga kingine.

Siku moja akaniambia, bila kugeuka, "Kaka, anacheka."

"Nani?"

"Mume wangu. Nimemsikia chooni anacheka. Mtoto hajamaliza wiki mbili ardhini." "Nilimwomba picha. Siku ile niliposhikwa kidole, alikuwa na simu mkononi. Anasema hakupiga hata moja, muuguzi alimkataza. Nimeanza kusahau sura, kaka. Nakumbuka kidole tu."

Niliijua ile picha. Ilikuwa namba tisa. Nilikuwa na tano kati ya zile nyingine kwenye simu yangu mwenyewe, mfukoni, umbali wa mkono mmoja kutoka alipokaa. Nilisema, "Pole, mdogo wangu," nikatazama sakafu. Nilijiambia kwamba nikifungua mdomo nitaibomoa nyumba yake. Mtu mwoga hakosi sababu nzuri.

Wiki ya tatu, picha zikiwa zimebaki mbili, Kiranja akaandika, "Jumamosi tunakuja kumwona mtoto. Wanaokuja waseme." Wanane wakasema. Kivuli akajibu kwamba mtoto ana mafua. Akajibiwa kwamba mafua hayazuii wageni, watavaa barakoa. Akasema mama yake hana nguvu. "Ndiyo tunakuja kufua na kupika!" akasema Kiranja. "Wewe Baba Mtoto unatuficha nini? Au katoka na sura ya jirani?" Wakacheka.

Alhamisi ile tulipelekwa kufunga kioo kikubwa cha duka, mtaa wa pili. Kioo kikubwa hubebwa kimesimama, mmoja huku mmoja kule, na ukishakiinua hukiweki hadi ufike. Nilichagua saa hiyo kwa sababu mtu aliyebeba kioo hawezi kukimbia.

"Shemeji, waambie leo," nikasema. Nilimwona kupitia kioo, mashavu yameingia ndani. "Jumamosi watakuja. Watamkuta mke wako mlangoni."

"Nitawazuia."

"Hutaweza. Waandikie maneno matatu tu."

Simu ilikuwa inatetema mfukoni mwake na hakuwa na mkono wa kuitoa. Niliona jinsi macho yalivyokwenda chini, yakarudi, yakaenda tena. Mbwa mwenye njaa hutazama hivyo.

"Usipoandika hadi kesho," nikasema, "nitaandika mimi."

Hapo akanitazama. "Wewe? Tangu uingie mle hujaandika hata salamu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema kipimo cha dirisha.

Ijumaa alituma picha ya mwisho. Ilikuwa ile namba tisa, mkono wa mdogo wangu, kingo zimepunguzwa hata kisanduku hakionekani. Akaandika: "Mama na mwana."

Jioni hiyo nilikaa kwenye kiti changu nikaifungua simu. Niliandika "Jamani." Nikafuta. Nikaandika, "Jamani, samahani, mtoto wa shemeji." Nilikwama hapo, kwa sababu nilikuwa natafuta neno ambalo halitamwaibisha. Sikujua kwamba wao kule wanaona jina langu na kwamba naandika.

"Maajabu!" akaandika mmoja. "Bubu anaandika!"

"Tulieni, tulieni, atatuhutubia!"

"Dakika ya tano hii. Anaandika kitabu?"

Uso uliniwaka kana kwamba nimesimamishwa mbele ya darasa. Nilifuta yote, nikaandika, "Hongereni." Walipiga makofi.

Jumamosi niliamka na uamuzi mwingine. Nitakwenda kwa mdogo wangu kabla yao, nimwambie kwa mdomo, ndugu kwa ndugu. Kivuli alikuwa amewaandikia asubuhi kwamba wamesafiri na mtoto, akaenda karakana akiamini wamemsikia. Nami nilimwamini kidogo, nikanywa chai kwanza. Nilipokata kona ya nyumba yao nilisikia vigelegele.

Walikuwa wanane uani. Mmoja kabeba beseni jipya la kuogeshea, limejaa nguo, sabuni, na kofia ya sufi yenye masikio mawili kama ya sungura. Kiranja alikuwa mbele.

"Tulijua mtasema mmesafiri!" alikuwa anasema. "Huyo Baba Mtoto tunamjua sasa, mtani kupita kiasi. Mama, mtoe bwana mkubwa tumwone!"

Mdogo wangu alikuwa kasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu. "Mtoto gani?" akauliza.

"Ha! Na wewe umeambukizwa utani!" Kiranja akachomoa simu. "Mtoto huyu hapa! Jana tu katuletea."

Akamgeuzia simu usoni.

Nilifika wakati huo huo. Nilisema, "Kiranja," lakini kwa sauti yangu, ile ya siku zote, na hakuna aliyesikia.

Mdogo wangu aliichukua ile simu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akakaa kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu anayeshusha kioo. Kwa kidole kile kile kilichokuwa kwenye picha akaanza kusukuma kurasa nyuma. Mguu. Kofia. Sikio. Alikuwa anasoma na maneno. "Leo kapiga chafya." "Ananyonya kama ana deni." Vigelegele vilikuwa vimekatika vyenyewe. Mbele ya kanga yake pakaanza kulowa, duara mbili, na wanawake waliokuwamo wakaona, wakajua kabla hawajaambiwa.

Kiranja alipiga magoti. "Mama," akasema, "mama yangu, nipe simu."

"Naomba nimalize," mdogo wangu akasema. "Sijawahi kuziona."

Tulisimama uani watu tisa, tukamngoja amalize. Alipofika kwenye ile ya kwanza ya Jumatatu, akairudia yote kutoka juu hadi chini. Kisha akarudisha simu kwa mikono miwili na kusema, "Asanteni kwa kuja. Mtoto wetu alikufa siku ya tatu. Karibuni ndani." Hakuna aliyeweza kuingia, hakuna aliyeweza kuondoka. Beseni lilibaki limeshikwa.

Kivuli alirudi mchana. Nadhani alihisi kitu, kwa sababu simu ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Alinikuta mimi na mke wake sebuleni, na beseni katikati ya sakafu.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. "Mimi ungenitumia lini?" akamuuliza.

"Hapa alikuwa ameshakufa," akasema hatimaye. "Kule alikuwa bado yupo."

"Na mimi ndiye mama yake," mdogo wangu akasema. "Na mimi nilikuwa hapa."

Jioni ile mdogo wangu alihamia kwangu, chumba cha uani. Yuko huko hadi leo.

Kundini walisemana siku tatu. Wengine walilia, wengine walilaani, mmoja akauliza mimi nilikuwa wapi, na hilo nalo sikulijibu. Kisha tukaona maandishi madogo kwamba Kivuli ameondolewa. Mimi sikutoka hadi nilipozipeleka zile picha dukani zikachapwa kwenye karatasi, zote kumi na moja. Ile namba tisa niliitengenezea fremu. Kioo chake nilikikata mwenyewe, mara moja, bila kurudia. Mdogo wangu ameifunga ndani ya kanga, juu ya kabati. Hajaitundika.

Kivuli anaendelea na kazi. Wiki za kwanza aliharibu vioo, akawa anagusa mahali simu inapokaa hata kama haikulia. Bosi alikuwa karibu kumfukuza. Kisha akatulia. Nilidhani amepona. Nilifika hata kumwambia mdogo wangu kwamba mumewe amebadilika, labda siku moja wakae waongee. Hakukataa.

Jana yeye na bosi walitoka kubeba kioo nje, simu yake ikabaki mezani. Ikatetema, ikawaka, maongezi bado yamefunguliwa. Sikuifuata, meza zetu zinatazamana. Lilikuwa kundi nisilolijua, watu nisiowajua, sijui wa mji gani. Mmoja ameandika: "Baba Mtoto, kijana wetu anasemaje leo?" Juu yake ulikuwa ujumbe wa shemeji wa asubuhi: "Meno mawili, ya chini. Ananing'ata kidole nikimlisha."

Nilihesabu. Miezi minane. Ndiyo, angekuwa ameota.

Nililivuta pindo la blanketi nikaifunika simu. Alipoingia aliona pindo lilivyokaa, akanitazama, nami nikachovya kikatio kwenye mafuta ya taa.

Jioni mdogo wangu alikuwa uani akianua nguo. "Kaka," akaniuliza, kama anavyouliza siku hizi, bila kunitazama, "anaendeleaje?"

"Yupo," nikasema, nikaingia ndani.